Jinsi ya kuandika riviu ya shukrani kwa magofu ya kwenu (mi nilianza na Tongoni, nikaharibu)

Nianze na aibu yangu ili tuelewane. Mara ya kwanza naenda Magofu ya Tongoni nilikaa pale kama saa mbili hivi, nikapiga picha zangu kumi na kitu, nikarudi Tanga mjini roho nyeupe kabisa, usiku nikafungua ramani ya Google nikaandika "Pazuri sana, mtembelee" nikapiga na nyota tano juu yake nikalala. Nikajiona nimefanya la maana. Baada ya miezi kadhaa akaja mdogo wangu mmoja kutoka Dar, mtoto wa mamdogo, kaisoma hiyo riviu, kachukua bodaboda mpaka kule, jioni karudi kanuna. Kaka, ndo umenituma nikaangalie mawe? Nikamuuliza nguzo hukuziona? Nguzo zipi. Zile zenye vishimo vya duara, palipokuwa na bakuli? Bakuli gani tena kaka.

Yaani kapita katikati ya makaburi ya zaidi ya miaka 500 na hakuna aliyemwambia aangalie nini, na aliyetakiwa kumwambia ni mimi, maana mimi ndo niliyesema pazuri. Kusema pazuri haimsaidii mtu kitu. Kila sehemu ni pazuri, hata stendi ya mabasi kuna mtu kaiandikia pazuri.

Tangu siku ile nimeshaandikia sehemu kadhaa na nimepata namna yangu ya kufanya, nawawekea hapa, ila mfano wangu utakuwa Tongoni mwanzo mwisho kwasababu ndo napopajua. We badilisha uweke pa kwenu.

Kwanza uchague sehemu. Usihangaike na Fort Jesus, wala Mji Mkongwe Zanzibar, wala Kilwa Kisiwani, hizo ziko kwenye orodha ya UNESCO na zina watu wa kuzisemea mpaka basi. Kwetu Tanga kila mgeni anapelekwa Mapango ya Amboni, sawa, ni mazuri, lakini hayana njaa ya riviu yako. Tafuta ile sehemu ambayo nyie wenyewe mnaitumia kuelekezana njia na hakuna anayejiuliza ilifikaje pale. Watu wa Dar, nyie mnasema "nishushe Mnara wa Saa" kila siku ya Mungu, wangapi mnajua mnara ule ulijengwa 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji? Au mnaoenda kuogelea Kunduchi wikiendi, mnapita karibu kabisa na magofu ya msikiti na makaburi yaliyokuwa yamepambwa kwa vyombo vya Kichina, mnapita tu na majaba yenu ya barafu. Bagamoyo nako watu wanaishia mjini, Kaole ipo kilomita chache tu kusini yake. Sehemu za namna hiyo ndo zinazostahili dakika zako ishirini.

Kingine, uwe umefika. Najua inaonekana kama jambo la kujua mwenyewe lakini kuna watu wanaandikia sehemu waliyoiona kwenye tivii. Usiandike sehemu ambayo mguu wako haujakanyaga, kwanza hata Google wenyewe hawataki, pili inajulikana tu, riviu ya mtu ambaye hajafika ina harufu yake.

Na ukienda nenda kama mtu wa kuangalia, sio mtu wa kupiga selfi na kukimbilia daladala. Kutoka Tanga mjini unashika barabara ya Pangani kuelekea kusini, kama kilomita 17 hivi, unamwambia konda akushushe Tongoni halafu unakata upande wa baharini. Ukifika msalimie unayemkuta, lipa kiingilio kilichopo uombe na risiti, kama anayekupokea ni mzee basi shikamoo yako itakupa maelezo kuliko kibao chochote. Kisha mwombe mzunguke wote mara moja yeye akiongea, halafu rudi uzunguke peke yako huna unayeongea naye. Huo mzunguko wa pili ndo unaoandika riviu. Wa kwanza unaandikisha kichwani habari za watu wengine, wa pili unaona kwa macho yako.

Toa simu uandike vitu viwili vitatu papo hapo, sio picha, maneno. Mi nikiandika nyumbani nakuta nimesahau upepo ulikuwa unatoka wapi.

Sasa Tongoni kuna nini, hapa mnivumilie nitaenda kidogo.

Jina lenyewe kwanza. Tongo kwa Kiswahili cha zamani ni mahame, mahali palipokuwa na kijiji watu wakahama, kwahiyo Tongoni ni kwenye mahame, kwenye magofu. Watoto wa siku hizi ukiwaambia tongo wanawaza tongotongo za asubuhi machoni, na mi sikatai maana na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka mzee mmoja akanicheka. Maana yake watu waliopaita hivi walipakuta pameshakuwa magofu, jina la mji ukiwa hai linatajwa kuwa Mtang'ata.

Kuna msikiti umebomoka, umejengwa kwa mawe ya bahari na chokaa, matumbawe yale, ukisogea karibu unaona kabisa vitundu vya matumbawe kwenye ukuta. Kibla iko kaskazini maana kutoka huku kwetu Makka iko kaskazini, kwahiyo hata kama hujui chochote ukiingia humo unajua upande gani watu walikuwa wanaelekea. Na kuna makaburi zaidi ya 40. Zaidi ya ishirini kati ya hayo yalikuwa na nguzo, mnara wa jiwe unasimama kichwani mwa kaburi, na Tongoni inatajwa kuwa na makaburi ya nguzo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingi zimeshaanguka, zimelala chini zimekatika vipande, ndo maana mdogo wangu aliona mawe. Ukijua kwamba lile jiwe refu lililolala kwenye majani lilikuwa limesimama, macho yanabadilika hapohapo. Na kwenye nguzo na kuta za makaburi kuna vishimo vya duara vimepangwa, humo ndimo walimopachika bakuli na sahani za Kichina kama pambo. Vyombo havipo tena. Vishimo vipo. Mi nilikaa mbele ya kishimo kimoja nikijiuliza ile bakuli ilitoka China mpaka hapa kwa majahazi mangapi, ikabandikwa kwenye kaburi la mtu, halafu akaja mtu akaibandua akaenda nayo, sasa hivi sijui inapakuliwa chakula gani.

Halafu kuna hii ambayo naipenda kuliko zote. Aprili 1498 Vasco da Gama akiwa anaelekea Mombasa, merikebu yake moja, São Rafael, ikakwama kwenye mwamba maeneo haya ya Mtang'ata. Wenyeji wakasogea na mashua, moja imejaa machungwa. Mmoja wa wale Wareno alikuwa anaandika shajara ya safari, kaandika kwamba machungwa yale yalikuwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Mwaka uliofuata, Januari 1499, wanarudi kutoka India, mabaharia wengi wameshakufa kwa maradhi, watu hawatoshi kuendesha merikebu zote, wakaichoma moto hiyohiyo São Rafael pale pale kwenye mwamba.

Lakini rudi kwenye machungwa. Ile ndo riviu ya zamani kuliko zote ya huku kwetu ninayoijua mimi, na angalieni alivyoandika. Hakusema "watu wakarimu, mazingira mazuri". Kataja kitu kimoja, machungwa, na kakilinganisha na ya kwao. Basi. Miaka zaidi ya 500 imepita na mtu wa Muheza, huku kwetu kwenye machungwa, akiisoma leo anatikisa kichwa anasema ndio, hapo hujakosea. Huo ndo mtindo, mi nimeuiba kutoka kwa huyo Mreno bila aibu, wao walichukua vingi zaidi.

Kwahiyo ukikaa kuandika, chagua kitu kimoja au viwili tu ulivyoviona. Hayo mengine yote niliyowamwagia hapo juu usiyatapike kwenye riviu, mtu anasoma kwenye simu amesimama juani anaamua aende au asiende, hana muda na Vasco da Gama. Mi pale nilichagua vishimo. Mtu mwingine angechagua mbuyu au bahari au ukimya, sawa, ilimradi kiwe kitu ambacho msomaji akifika anaweza kukitafuta kwa macho akakikuta.

Kabla hujaandika lakini hakiki. Kosa kubwa ninaloliona kwenye riviu za magofu yetu ni watu kuandika "majengo ya Wareno" au "ya Waarabu" kwasababu tu ni ya mawe na yamezeeka. Tongoni ni mji wa Waswahili, msikiti na makaburi yake yanahesabiwa ya karne ya 14 na 15, Mreno alikuta watu wako pale tayari na machungwa yao. Ukiandika kinyume chake umeshukuru mtu mwingine kwa kazi ya babu yako. Ukisikia kitu kwa mlinzi au kwa bibi mmoja kijijini, kiandike hivyohivyo, "wenyeji wanasema", usikigeuze kuwa historia. Na tarehe usiyokuwa na uhakika nayo iache, riviu haikaguliwi na baraza la mitihani, ukiacha mwaka hakuna atakayekufelisha, ila ukiweka wa uongo utanakiliwa na mtu wa kampuni ya utalii kesho kutwa utaukuta kwenye kipeperushi.

Lugha. Hapa nina ugomvi na wengi. Watu wa kwetu tukiandika riviu ya sehemu ya kihistoria ghafla tunakuwa Waingereza, na Kiingereza chenyewe cha kuungaunga, "very nice place I enjoy so much". Kwanini? Andika Kiswahili jamani. Mgeni wa Ujerumani programu itamtafsiria yenyewe, ana kitufe chake, asikutie presha. Ila mwalimu wa shule ya msingi wa Pongwe anayetafuta sehemu ya kupeleka darasa la tano akikuta riviu zote za kizungu anajua hapa si petu, hapa pa watalii. Kama una bando na muda weka Kiswahili juu, Kiingereza mistari miwili chini, lakini cha kwetu kitangulie.

Sasa riviu yangu ya pili, niliyoandika baada ya kufuta ile ya aibu, ilikuwa hivi, nainakili kama ilivyo:

"Magofu ya mji wa zamani wa Waswahili, msikiti na makaburi zaidi ya 40, kama km 17 kusini ya Tanga mjini, upande wa bahari ukiwa barabara ya Pangani. Ukifika usitafute majengo makubwa, tafuta nguzo. Nyingi zimeanguka, zimelala kwenye majani, ila angalia vishimo vya duara, humo walipachika bakuli za Kichina. Ingia na msikitini, kibla iko kaskazini. Tulikaa saa mbili hatukumwona mtu zaidi ya mlinzi, anaeleza vizuri sana ukimuuliza. Saa sita jua ni kali na maji ya kununua hatukuyaona, beba yako. Ni makaburi haya, vaa nguo ya heshima na usikanyage. Asanteni mnaopatunza, mi mzaliwa wa Tanga na nimekuja nikiwa na miaka thelathini na kitu, mnisamehe."

Sio mashairi. Lakini hebu ihesabuni, mtu anajua aende wapi, atafute nini, abebe nini, avae nini, na kuna asante ndani yake na kuna mimi ndani yake. Ile sentensi ya mwisho niliitaka kuitoa nikaona haya, mke wangu akasema iache, hiyo ndo watu wataisoma. Na kweli.

Kuhusu nyota. Wengi wanauliza utatoaje nyota tano na hakuna choo cha maana au njia mbovu. Mi natoa tano halafu kasoro naisema kwa sentensi moja ya kumsaidia mgeni, kama hiyo ya maji na jua. Sababu yangu ni kwamba nyota za sehemu hizi zinaamua kama mtu ataziona kabisa au zitazama chini huko, na sehemu yenye riviu nane ukiipiga nyota mbili kwasababu bodaboda alikuzidishia nauli umeiua. Ya bodaboda malizana na bodaboda. Kama kero ni kubwa, mfano mtu anachimba mawe ya magofu akajengee, au kuna takataka zinamwagwa, hiyo sio ya riviu, ipeleke ofisi ya kijiji au halmashauri au kwa watu wa Mambo ya Kale, tena ukiwa na picha na tarehe. Riviu iwe ya asante na maelekezo, ukichanganya na vita vyako watu wanakumbuka vita.

Picha sasa, ambazo kusema kweli zinafanya kazi kuliko maneno. Weka tatu nne tu. Ya kwanza iwe ya njia, pale unapokata kutoka barabarani, na kibao kama kipo, hii watu hawaiwekagi kabisa na ndo yenye msaada kuliko zote maana mtu anapotelea pale pale barabarani. Ya pili ya sehemu nzima kwa mbali, simamisha mtu kando ya nguzo (kando, sio juu) ili ukubwa uonekane, nguzo peke yake kwenye picha inaweza kuwa mita moja au mita tano nani ajue. Ya tatu kile kitu chako kimoja, kwa karibu. Asubuhi au alasiri jua likiwa limelala vishimo na michongo inatoa kivuli inaonekana vizuri, saa sita kila kitu kinakuwa cheupe bapa kama unga. Filta acha. Bahari ya Tanga haihitaji kuongezewa bluu.

Sura za watu usiweke bila ruhusa, watoto wa kijijini hasa, wanakuja wanakupigia makelele piga sisi piga sisi, piga uwaonyeshe wacheke, ila usiiweke kule dunia nzima ikaona. Na mlinzi usimtaje jina wala kuweka namba yake ya simu hata kama unamsifia, nilishaona mtu kaweka namba ya mzee wa watu kwenye riviu, mzee akawa anapigiwa usiku wa manane na watu wanaouliza kama kuna vyumba. Sema tu "mlinzi wa pale", wanaomjua watajua, na bosi wake akisoma atajua.

Adabu ya makaburini hii nadhani mnaijua lakini wageni wanasoma riviu yako na kuiga picha zako. Usipande juu ya kaburi, usikae, usiegemee nguzo. Magofu mengi ya pwani watu bado wanakwenda kuzuru, unaweza ukakuta ubani umechomwa, kitambaa, maji ya waridi, visenti. Usiguse, usipige picha, na usiandike "waganga wamejaa". Mtu kaenda kumwomba Mungu wake kwa namna aliyofundishwa, we umekuja na daladala ya saa tatu utaondoka na ya saa nane.

Kuirusha yenyewe ni rahisi, nipite haraka. Fungua programu ya ramani, tafuta jina la sehemu, bonyeza, shuka chini mpaka kwenye nyota za maoni, gusa nyota, bandika maneno yako, ongeza picha, chapisha. Mi naandika kwanza kwenye notisi za simu ndo nakopi maana mtandao wa vijijini unaweza kukatika katikati ukapoteza yote, umepoteza na hamu. Angalia jina la akaunti yako kabla, linaonekana hadharani, kuna jamaa kaandika riviu nzuri kabisa yenye machozi ya makaburi ya mashehe na jina juu linasomeka Bonge la Bwana. Angalia pia pini ya sehemu kama imekaa penyewe, kuna nyingine zimechomekwa katikati ya kijiji au ndani ya mikoko, ukikuta hivyo kuna sehemu ya kupendekeza marekebisho, isogeze, hiyo nayo ni asante tena kubwa. Na kama sehemu haipo kabisa kwenye ramani unaiongeza wewe, jina liweke wanaloliita wenyeji, sio la kubuni.

Wasio na simu janja, au ambao hawataki mambo ya akaunti, kuna kitabu cha wageni. Ukiona kidaftari kile chenye safu za jina, unakotoka na saini, na pembeni kasafu ka maoni, usiandike "good" ukakimbia. Wote tunaandika "nzuri" kwasababu wa juu yetu kaandika nzuri, tunanakiliana kama mtihani. Andika sentensi moja yenye kitu: "nguzo ya kushoto mwa msikiti inaanza kupasuka, iangalieni", au "wanafunzi wangu wamependa vishimo vya bakuli". Maafisa wakija ukaguzi kile kidaftari ndo wanachofunua, na mlinzi anakionea fahari.

Na kuna njia ya tatu ya kuacha ujumbe ambayo ni ya zamani kuliko zote mbili, ya kuchora jina lako ukutani kwa msumari. JUMA NA ASHA 2009 na moyo wenye mshale. Sihitaji kusema sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yote ya kabla ya 1863, hata yasiyo na kibao wala uzio, kwahiyo Juma hapo kajiandikia ushahidi mwenyewe na jina lake kaweka. Chokaa ya karne ya 15 ukishaichuna hairudi, na mkaa nao usiseme utafutika, haufutiki, unaingia kwenye vile vitundu vya matumbawe.

Ukishaandika usiitelekeze. Riviu inaweza kuhaririwa, unaenda kwenye michango yako, zile nukta tatu, hariri. Mi kila nikienda Tongoni, tuseme mara moja kwa mwaka, nikirudi nabadilisha kinachobadilika, kama njia imelimwa, kama kuna kibanda kipya cha soda, kama kuna nguzo imepungua. Bahari iko karibu mno pale na mawe yale ni ya chumvi na mvua inanyesha kila masika. Ile ya kwanza ya "pazuri sana" niliifuta kabisa, haikuwa hata ya kuhaririwa.

Yule mdogo wangu nilimtumia hiyo mpya, akasema sirudi huko kaka ushanidanganya mara moja. Idd iliyofuata akaja, nikasikia kaenda, hata hakuniambia. Saa kumi jioni ikaingia picha moja kwenye simu, haina salamu haina neno, kidole chake cha shahada kiko ndani ya kishimo cha bakuli.

Nikamjibu toa kidole hapo.